Rubani mrefu kwenye ndege ya kujiundia: kila sentimita inalipiwa mahali pengine

Kama una urefu wa futi sita na ushei, taabu ya daladala au matatu unaijua. Magoti yanasukuma kiti cha mbele, na gari likiruka tuta kichwa kinagonga paa. Unavumilia, unafika, unashuka, unanyoosha miguu.

Kwenye ndege ndogo ya watu wawili taabu hiyo si ya kuvumilia. Magoti yakigusa dashibodi, mkono wa usukani unaweza kukwama kabla ya kufika mwisho wake. Kichwa kikikaribia kifuniko cha juu, tikisiko moja la upepo linatosha kukupasua utosi. Mguu mrefu uliokunjwa mno unakanyaga pedali mbili mahali pa moja. Na huko juu hakuna konda wa kumwambia "shusha".

Suala hili ni la zamani, lakini sheria mpya za Marekani zimelipa sura nyingine. Tangu 22 Oktoba 2025, Wamarekani wenye leseni ndogo, ile ya urubani wa michezo, wameruhusiwa kurusha ndege kubwa na zenye nafasi kuliko zile walizofungiwa tangu mwaka 2004. Swali lililokuwa la mafundi wachache wanaojiundia ndege kwenye gereji zao limekuwa la watu wengi zaidi: ndege ikinibana, nibadilishe ndege, au nibadilishe kiti?

Makala hii inaeleza kwa nini kubadilisha kiti ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na kwa nini hasara yake mara nyingine humwangukia mtu ambaye hakushika hata bisibisi.

Ndege ya kujiundia ni kitu gani?

Marekani mtu yeyote anaruhusiwa kuunda ndege yake mwenyewe na kuirusha, mradi zaidi ya nusu ya kazi ya kuiunda imefanywa na watu wasio kampuni, kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Wengine hununua ramani tu na kuanza na mbao, kitambaa na gundi. Wengi siku hizi hununua vipande vilivyokatwa tayari kiwandani, wakavipiga riveti nyumbani kwa miaka miwili, mitatu au zaidi. Kampuni maarufu kwa vipande hivyo ni Van's Aircraft ya jimbo la Oregon, na ndege zaidi ya 11,000 za aina zake, zinazoitwa RV, zimekwisha kuruka. Mwishoni mwa 2023 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na wateja waliokuwa wamelipia vipande wakapata hofu kubwa, lakini ilitoka humo mwaka 2024 na inaendelea na kazi.

Ndege ya namna hii imewahi kupita hata kwetu. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya viti vinne aina ya Sling 4, inayotengenezwa nchini mwao, kwa wiki tatu tu. Wale sita kati yao waliosomea urubani wakaianzisha safari ya kutoka Cape Town hadi Cairo, na Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vyao njiani.

Kwa hiyo tusidhani tunazungumzia vitu vya kuchezea. Nyingi ya ndege hizi zina kasi kuliko ndege za kiwandani zenye injini ya nguvu sawa. Kasi hiyo inatokana na nini? Kwa sehemu kubwa, inatokana na wembamba. Hapo ndipo taabu ya mtu mrefu inapoanzia.

Ndege iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mmoja

Fundi anayetaka kwenda haraka kwa injini ndogo hupunguza upana na kimo cha bodi ya ndege, ili upepo ukutane na kitu kidogo. Chumba cha rubani huwa ndicho sehemu nene kuliko zote, kwa hiyo ndicho kinachopunguzwa kwanza. Waliochora ndege ndogo za kujiundia za miaka ya 1970, kama vile KR-2, walikibana chumba mpaka watu wawili wazima wakakaa mabega yakisuguana. Tangu hapo wajenzi wengi wa KR-2 wamekuwa wakiipanua na kuirefusha wakiwa bado wanaijenga, na baadaye ikaja aina yenye bodi ndefu zaidi, KR-2S, kujibu kilio hichohicho.

Uzito nao ulikadiriwa. Kwa miaka mingi sheria za Marekani za ndege ndogo zilihesabu mtu mmoja kuwa pauni 170, yaani kilo 77, na wachoraji wa ndege za kujiundia walizoea hesabu hiyo. Mwanamume wa futi sita na nusu mwenye kilo 77 yupo, lakini ni wa kutafuta kwa tochi.

Kwa ndege kubwa za abiria sheria ya Marekani hutaja wazi urefu wa mtu: vyombo vya kuendeshea vimfae mfanyakazi wa chumba cha rubani mwenye futi 5 na inchi 2 hadi futi 6 na inchi 3, takriban sentimita 157 hadi 190. Ndege ya kujiundia haifungwi na kipimo hicho. Kipimo chake mara nyingi ni mwili wa yule aliyeichora. Richard VanGrunsven, mwanzilishi wa Van's, alichora RV-3 ya kiti kimoja mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuirusha mwenyewe. Ikafuata RV-4 ya watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Watu waliipenda, lakini wenye miili mikubwa wakalalamika, na katikati ya miaka ya 1990 ikatoka RV-8, yenye mpangilio uleule na chumba kikubwa zaidi. Hivyo ndivyo suala hili linavyotatuliwa vizuri: mchoraji anarudi mezani na kuchora ndege nyingine nzima. Ni kazi ya miaka, wala si ya Jumamosi moja na msumeno.

Jeshi la anga la Marekani lilijifunza jambo la karibu na hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti wao kijana, Gilbert Daniels, alichukua vipimo vya marubani 4,063. Alichagua vipimo kumi, urefu, kifua, mkono na kadhalika, akatafuta ni wangapi walio wastani kwa vyote kumi. Hakupata hata mmoja. Mwenye miguu ya wastani alikuwa na mikono mirefu, na mwenye kifua cha wastani alikuwa na shingo fupi. Chumba kilichopimwa kwa mtu wa wastani kilikuwa hakimfai mtu yeyote sawasawa, na jibu likawa viti, pedali na mikanda inayorekebishika.

Kwa hiyo kusema "mimi nina futi sita na inchi tatu" hakumsaidii sana fundi. Watu wawili wa urefu huo wanaweza kutofautiana sana wakikaa. Mmoja ana kiwiliwili kirefu na kichwa chake kinagonga juu, mwenzake ana miguu mirefu na magoti yake yanagonga mbele. Njia rahisi ya kujua ni kukaa kwenye benchi gumu, mgongo ukigusa ukuta, na mtu akapiga alama ukutani juu ya kichwa. Ongeza sentimita mbili au tatu za vile vipokea sauti ambavyo rubani huvaa kichwani. Mtu akijua kipimo hicho kabla ya kununua ndege, amejiokoa na mengi.

Dawa zinazojaribiwa, na gharama ya kila moja

Dawa ya kwanza na ya bei rahisi ni mto wa kiti. Ukitoa sponji ya sentimita nane ukaweka ya sentimita tatu, kichwa kimeshuka sentimita tano. Hakuna chuma kilichokatwa na hakuna karatasi iliyojazwa. Tatizo linaonekana siku ndege inapotua kwa kishindo, kwa maana sponji ilikuwa na kazi nyingine. Sponji laini ya kawaida nayo ni mtego: kiti kinapogota chini mwili bado unazama ndani yake, halafu unakutana na bati kwa nguvu kubwa zaidi, kama mtu anayejirusha juu ya godoro jembamba lililotandikwa kwenye sementi. Anayeumia ni uti wa mgongo. Kuna sponji maalumu, nzito, inayobonyea polepole ukiikalia lakini ikipigwa ghafla inakuwa ngumu. Unene mdogo wa hiyo unalinda mgongo kuliko unene mkubwa wa ile ya kochi. Mtu mrefu akiambiwa apunguze mto, basi abadilishe na aina ya sponji.

Dawa ya pili ni kulaza mgongo wa kiti au kuurudisha nyuma. Baadhi ya ndege za RV zina bawaba kadhaa sakafuni, na mgongo wa kiti huhamishwa kutoka moja kwenda nyingine bila kukata kitu. Kichwa kinashuka na magoti yanapata nafasi. Lakini mikono nayo imerudi nyuma, na swichi iliyokuwa ikifikiwa kwa urahisi sasa inataka rubani ajivute mbele huku mkanda wa mabegani ukimshikilia. Kanuni nzuri ambayo wajenzi wenye busara huifuata ni kukaa ndani ya ndege ikiwa bado chini, mikanda imekazwa, macho yamefumbwa, na kugusa kila kitu kimoja baada ya kingine: mafuta, swichi kuu, usukani mpaka mwisho pande zote nne, pedali zote mbili mpaka mwisho. Kisichofikiwa hapo hakitafikiwa angani.

Ya tatu ni kusogeza pedali mbele. Kwa mwenye miguu mirefu hii mara nyingi ndiyo dawa bora, ila ina ukomo. Mbele ya pedali kuna ukuta wa bati unaotenganisha chumba na injini, na ukuta huo umewekwa kuzuia moto. Hautobolewi ovyo.

Ya nne ni kushusha kiti chenyewe, na hapa ndipo watu hupata wazo la hatari. Kwenye ndege ambayo mabawa yake yako chini, boriti kuu inayoshika mabawa yote mawili hupita chini ya mapaja ya rubani au mbele yake kidogo. Fito za usukani nazo hupita hapohapo. Mtu anaona chuma kimekaa mahali anapotaka kukalisha mwili wake, anajiambia nikikwangua kidogo tu. Boriti hiyo ndiyo inayobeba uzito wote wa ndege na watu waliomo, na ndege ikikata kona kali mzigo huo huongezeka mara mbili na zaidi. Haikwanguliwi hata kidogo.

Ya tano ni kuinua kifuniko. Wapo waliotengeneza kifuniko chenye nundu juu ya kichwa, na kinafanya kazi. Gharama yake ni kasi kidogo, na upepo unaofika mkiani ukiwa umevurugika, jambo linalotaka majaribio mapya ya urukaji. Ila lipo jingine ambalo watu husahau. Nyuma ya kichwa cha rubani kwenye ndege nyingi kuna upinde wa chuma. Ndege ikipinduka kwenye nyasi, na ndege zenye gurudumu dogo mkiani hupinduka kirahisi zikikwama kwenye matope, upinde huo ndio unaobeba uzito badala ya shingo ya mtu. Ukiinua kifuniko na kuuacha upinde palepale, kichwa kimekuwa juu kuliko upinde, na umeifanya shingo yako kuwa nguzo.

Mzega

Yote hayo yanaonekana kwa macho. Jambo gumu zaidi halionekani, nalo ni mizani ya ndege.

Mfikirie mtu anayebeba maji kwa mzega, mti begani na ndoo kila upande. Akiongeza maji ndoo ya nyuma, mti unainuka mbele, na inambidi asogeze bega nyuma kidogo ili utulie. Ndege nayo inaning'inia hivyohivyo, bega lake likiwa ni mabawa. Tofauti ni kwamba bawa halisogei. Uzito ukienda nyuma mno, pua inainuka na mkia unakosa nguvu ya kuishusha. Ndege inapunguza kasi, mabawa yanashindwa kuibeba, nayo inaanguka ikizunguka bila njia ya kuirekebisha. Kila mchoraji wa ndege huweka mpaka wa mbele na mpaka wa nyuma ambamo kitovu cha uzito lazima kibaki, na kwenye ndege ndogo umbali kati ya mipaka hiyo hupimwa kwa sentimita, si kwa mita.

Tupige hesabu ya mfano. Rubani wa kilo 100 amesogeza kiti nyuma sentimita 8. Zidisha: 800. Ndege nzima pamoja naye ina kilo 500. Gawanya 800 kwa 500, unapata kwamba kitovu cha uzito kimerudi nyuma sentimita 1.6. Kinaonekana kidogo. Lakini rubani huyu alikuwa tayari mzito kuliko zile kilo 77 za mchoraji, na kwenye ndege nyingi anakaa nyuma ya kitovu, kwa hiyo uzito wake wa ziada nao umekwisha kuvuta upande uleule. Ongeza mizigo nyuma ya kiti, na mafuta yanayopungua njiani kutoka kwenye tangi la mbele kama ndege ina tangi huko, na ule mpaka wa nyuma umekaribia.

Dawa ipo, tena ni nzuri. Betri ya kilo 6 iliyokuwa nyuma ya kiti ikisogezwa mbele sentimita 140, kwenye ule ukuta wa injini, inaleta 840 upande wa pili. Mzega umetulia. Ndiyo maana mjenzi mrefu anayejua kazi yake huanza na mizani kabla ya msumeno: anaipima ndege gurudumu kwa gurudumu, anaandika, anapiga hesabu akiwa na mafuta tele na akiwa na mafuta kidogo, akiwa peke yake na akiwa na abiria. Halafu ndipo anaamua kiti kirudi wapi.

Ndege ya John Denver

Tukio linaloeleza haya vizuri kuliko hesabu yoyote halikumhusu mtu aliyejirekebishia ndege yake. Lilimhusu aliyeinunua ikiwa imekwisha kuundwa na mtu mwingine.

Tarehe 12 Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver aliruka peke yake kutoka Monterey, California, kwa ndege ya kujiundia aina ya Long-EZ aliyokuwa amenunua siku chache tu kabla. Alikuwa rubani mzoefu, mwenye zaidi ya saa 2,700 angani, lakini si kwenye aina hiyo. Ndege ilianguka baharini karibu na Pacific Grove, naye akafa. Alikuwa na miaka 53.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilichunguza kwa zaidi ya mwaka. Ramani ya mchoraji, Burt Rutan, ilikuwa imeweka swichi ya kuchagua tangi la mafuta mbele, kati ya miguu ya rubani. Aliyeijenga ndege ile aliihamishia nyuma ya bega la kushoto, ili mabomba ya mafuta yasipite ndani ya chumba. Wazo lake halikuwa la kijinga. Lakini ili kuifikia, rubani alilazimika kuachia usukani wa mkono wa kulia na kupinda mwili mzima kugeukia nyuma. Vipimo vya mafuta navyo vilikuwa nyuma yake, bila alama. Siku ile fundi alimpa kioo cha kujitazamia ili aweze kuviona kwa juu ya bega.

Tena kulikuwa na mto. Denver alikuwa amewekewa mto mgongoni ili miguu yake ifike vizuri kwenye pedali. Kiti kiliwafaa wengine, hakikumfaa yeye, na dawa ikawa ile rahisi.

Wachunguzi walikaa kwenye ndege ya aina ile na kujaribu kuigeuza swichi. Waliona kwamba mtu akijipinda hivyo, mguu wake wa kulia hujikaza wenyewe na kukanyaga pedali ya kulia. Ndege inageuka na kuinamia upande, rubani akiwa anatazama nyuma. Uamuzi wao ulikuwa kwamba Denver alipoteza udhibiti akihangaika na swichi ile baada ya kuruka bila kujaza mafuta. Walitaja pia mahali swichi ilipowekwa, vipimo visivyo na alama, na mafunzo machache aliyopata kwenye aina hiyo ya ndege.

Tukio hili kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha mtu aliyesahau mafuta. Ni kweli, lakini si kweli yote. Chumba kile kilipangwa na mtu mmoja, kikarekebishwa kwa mto kwa ajili ya mwingine, na hakuna aliyeketi akauliza mabadiliko haya mawili yakikutana yanafanya nini.

Sheria inasema nini?

Marekani imempa mjenzi uhuru mpana. Akikamilisha ndege hukaguliwa na kupewa cheti cha majaribio, kisha hupangiwa eneo la kuirushia bila abiria, kwa kawaida saa 25 au 40, kabla ya kuruhusiwa kubeba mtu. Siku hizi anaweza pia kufuata orodha ya majaribio badala ya kuhesabu saa. Akifanya badiliko kubwa baadaye, anatakiwa kuiarifu mamlaka ya anga na kuirudisha ndege kwenye majaribio, kwa kawaida angalau saa tano.

Tatizo liko kwenye neno "kubwa". Kuhamisha kiti kwa namna inayogusa mizani ni badiliko kubwa. Kubadilisha sponji si kubwa. Na mto wa mgongoni? Hakuna anayeuandika popote. Sheria inaona chuma, haioni mwili uliokaa juu yake.

Uingereza wameamua vingine. Huko ndege nyingi za kujiundia zinasimamiwa na chama cha ndege nyepesi, LAA, na mwenye ndege anayetaka kurekebisha hupeleka pendekezo, wahandisi wa chama wakalipitia kabla hajaruka nalo. Wamarekani wengi huona utaratibu huo ni mzigo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kwa jambo moja Waingereza wana haki: ndege huuzwa. Mjenzi anaijua kila riveti na kila kosa alilolifanya. Mnunuzi wa pili anaona kiti tu. Na Marekani mnunuzi huyo hairithi ile ruhusa maalumu ya mjenzi ya kufanya ukaguzi wa kila mwaka, lakini bado anaruhusiwa kukata na kubadilisha. Uhuru wa mjenzi uachwe. Lakini kila kilichohamishwa chumbani kiandikwe kwenye daftari la ndege pamoja na urefu na uzito wa mtu kiliyehamishiwa, ili wa pili ajue anaingia kwenye nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha nani.

Sheria mpya inabadilisha nini?

Zamani mwenye leseni ya michezo alifungiwa kwenye ndege ya viti viwili, isiyozidi pauni 1,320, yaani kilo 600, na kasi isiyozidi kilomita 222 kwa saa. Leseni hiyo ilipendwa, hasa na wazee, kwa sababu leseni ya gari ilikubaliwa badala ya cheti cha daktari wa anga. Lakini kilo 600 ni pamoja na ndege, mafuta na watu. Wanaume wawili wakubwa wakiingia, zaidi ya kilo 200 zimekwisha. Mtengenezaji aliyetaka kupanua chumba alijua kila kilo ya bati anailipa kwa mafuta au kwa abiria. Mtu mrefu mwenye leseni hiyo aliingia kwenye ndege iliyombana kwa sababu sheria nyingine hazikumpa.

Sasa kipimo kikuu si uzito tena. Ni ile kasi ya chini kabisa ambayo mabawa bado yanaibeba ndege: isizidi takriban kilomita 109 kwa saa. Viti vinaweza kufika vinne, ingawa abiria anabaki mmoja. Maana yake ni kwamba Cessna 172, yenye milango ya kawaida na kiti kinachosogea kwenye reli, imo. Ndege za kampuni hiyohiyo za mabawa ya juu hutua kwenye viwanja vingi vya nyasi Afrika Mashariki, na waliowahi kupanda wanajua kwamba mtu mrefu anaingia bila kujikunja kama panzi. Sehemu ya pili ya sheria, inayowahusu watengenezaji wa ndege mpya nyepesi, ilipangiwa kuanza 24 Julai 2026, nayo inawaondolea mipaka ya zamani ya uzito.

Kwa hiyo mtu mrefu wa Marekani ana jibu ambalo hakuwa nalo: aache kuipasua ndege ndogo, anunue kubwa iliyotumika. Shida ni bei na mafuta. Ndege ndogo ya kujiundia inabaki kimbilio la mwenye fedha za kiasi, na huyo bado atachukua sponji na kisu.

Waliosahaulika katika mazungumzo haya ni wafupi. Mei 2020 jeshi la anga la Marekani liliondoa sharti la urefu wa sentimita 163 hadi 196 kwa wanaoomba urubani, likisema sharti hilo lilikuwa likiwazuia asilimia 44 ya wanawake wa nchi hiyo wenye miaka 20 hadi 29, wasipopata kibali maalumu. Chumba kilichopanuliwa kwa ajili ya mtu wa futi sita na nusu, pedali zikasogezwa mbele na kufungwa huko kwa boliti, kinamfungia nje mtu wa futi tano. Pedali zinazosogea na kurudi zina uzito wa kilo moja au mbili zaidi, na ni kazi ya wikiendi kadhaa. Ndege ile ya Monterey ilihitaji kitu cha namna hiyo, ikapewa mto.

Kwetu Kenya na Tanzania habari za mafundi wanaojaribu kuunda ndege nyumbani huja mara kwa mara, na kwa kawaida watu huuliza swali moja tu: itaruka? Kabla ya kuruka, ndege yoyote lazima ipate idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi, KCAA kwa Kenya na TCAA kwa Tanzania. Lakini fundi anaweza kufanya jaribio moja hata kabla ya kupeleka karatasi, na halihitaji injini wala shilingi. Akae ndani, ajifunge mikanda, afumbe macho, na jirani yake amtajie vyombo kimoja kimoja huku akivigusa. Halafu jirani naye aingie, akae, na wabadilishane.